Mangi Mkuu na Wapiga Kura Wake: Ukali wa Umma katika Siasa za Kilimanjaro, 1925–1963

Ni viongozi wachache katika historia ya Tanganyika waliopandishwa na kuteremshwa na kura za watu wale wale kama Thomas Marealle, ambaye mwaka 1951 alichaguliwa na Wachagga kuwa Mangi Mkuu, yaani mtawala mmoja aliyewekwa juu ya wamangi wote wa Kilimanjaro, na ambaye mwaka 1960, baada ya miaka michache ya sifa na miaka mingine ya lawama zilizozidi kuchacha, aliondolewa kwa kura ya maoni. Kisa chake kinafaa kuchunguzwa na kila anayejiuliza kama wananchi huwakosoa viongozi waliowachagua kwa ukali unaopita kiasi, kwa kuwa ndani yake ukali huo unaonekana ukizaliwa, ukikua na hatimaye ukipata njia ya halali ya kufikia tamati. Hoja ya insha hii ni kwamba lawama zilizomwandama Marealle zilikuwa kali kweli, na baadhi yake hazikuwa za haki, lakini chanzo kikuu cha ukali huo kilikuwa muundo wa cheo chenyewe, ambacho kilitolewa kwa kura bila kuwekewa kipindi cha miaka ambacho kikiisha mpiga kura angeulizwa tena.

Kabla ya utawala wa Wajerumani, miteremko ya Kilimanjaro haikuwa na mtawala mmoja. Kulikuwa na himaya nyingi ndogo, zilizotenganishwa na makorongo ya mito inayoshuka kutoka msituni, na kila moja ilikuwa na mangi wake aliyerithi kiti kutoka katika ukoo wake, aliyeongoza vita, aliyeamua mashauri na aliyeita watu kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujenga au kukarabati mali ya jamii kama vile mfongo, mfereji wa kupeleka maji kwenye vihamba, yaani mashamba ya familia. Mangi hakupigiwa kura, hivyo hakuweza kunyimwa kura. Wazee wa koo waliweza kumshauri na kumwonya, na mtu aliyechoshwa kabisa aliweza kuhamia kwa mangi jirani, jambo lililompunguzia mtawala wapiganaji na wafanyakazi. Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho, waliovuma katika nusu ya pili ya karne ya 19, walikuwa na nguvu kubwa, ila nguvu hizo zilisimama juu ya watu ambao wangeweza kuondoka.

Wajerumani waliifunga njia hiyo, na wakaacha pia jeraha ambalo lilikuja kuingia katika siasa za miaka hamsini baadaye. Tarehe 2 Machi 1900, katika Moshi ya Kale, walinyongwa hadharani Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha na viongozi wengine, wakishutumiwa kula njama dhidi ya utawala. Mangi aliyenufaika zaidi na vifo hivyo alikuwa Marealle wa Kwanza wa Marangu, rafiki wa karibu wa maofisa wa Kijerumani, na simulizi za wazee pamoja na maandishi ya wanahistoria zimemhusisha na fitina zilizowaponza wenzake. Thomas Marealle alikuwa mjukuu wake. Mtu aliyezaliwa mwaka 1915 hawezi kubeba dhima ya mambo ya mwaka 1900, lakini katika maeneo kama Moshi ya Kale na Kibosho jina lake lilitangulia matendo yake, na hiyo ni sehemu ya lawama ambayo msomaji mwenye haki hana budi kuitenga na kuihesabu kuwa uonevu.

Waingereza walipoingia walijenga utawala wa kupitia machifu wenyeji, na chini ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 mangi akawa pia mtumishi wa serikali, mwenye mshahara na wajibu wa kukusanya kodi, akisaidiwa na wachili, yaani wakuu wa mitaa. Aliyemkosoa mangi sasa alionekana anaikosoa serikali yenyewe. Kwa sababu hiyo Wachagga hawakujifunza kuchagua na kuwajibisha viongozi katika baraza la mangi. Walijifunza katika kahawa. Zao hilo, lililohimizwa sana na Charles Dundas alipokuwa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kizungu, mjini Moshi, lilimpa mwenye kihamba fedha zake mwenyewe, na mwaka 1925 wakulima waliunda chama cha kutetea kahawa yao, Kilimanjaro Native Planters' Association, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo. Walowezi wa Kizungu hawakukipenda kwa kuogopa ushindani, na wamangi wengi hawakukipenda kwa kuwa kilikuwa na viongozi ambao watu waliwasikiliza bila idhini yao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Merinyo aliondolewa uongozini chini ya tuhuma za fedha, na mwaka 1933 mahali pa chama hicho pakachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichosajiliwa kisheria na kusimamiwa kwa karibu na serikali. Wamangi walitumika kulazimisha kanuni kwamba kahawa yote ya Wachagga iuzwe kupitia KNCU, na bei zilipowavunja moyo wakulima hasira ilifumuka: mwaka 1937 maghala ya vyama vya msingi yalishambuliwa na serikali ikatumia nguvu kuzima vurugu hizo. Tukio hili ni muhimu kwa sababu linaonyesha jinsi ukosoaji unavyokuwa pale ambapo mkulima haruhusiwi kuuza kwingine wala hana njia nyepesi ya kumwondoa anayemsimamia. Mwaka 1937 wakulima walivunja milango. Miaka ishirini na mitatu baadaye, watu wa mlima huo huo, wakiwa na hasira isiyo ndogo, walipanga foleni wakapiga kura.

Hatua ya kati kati ya hayo mawili ilikuwa mageuzi ya mwaka 1946, ambayo yaliugawa Uchagga katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na kuweka juu ya kila sehemu mwitori, yaani mangi mwenye mamlaka juu ya wamangi wenzake. Waitori hao, Abdiel Shangali wa Machame, Petro Itosi Marealle wa Marangu na John Maruma wa Rombo, hawakuchaguliwa na wananchi, na watu wa himaya ambazo hazikutoa mwitori walijiona wameshushwa. Mwaka 1949 Petro Njau na Joseph Merinyo, yule yule aliyefukuzwa katika uongozi wa kahawa, waliunda Kilimanjaro Chagga Citizens Union, iliyojulikana kwa kifupi kama KCCU, wakadai kwamba Wachagga wote wawe na mkuu mmoja waliyemchagua wenyewe. Kurudi kwa Merinyo kunafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba lawama za umma humzika mtu moja kwa moja. Kijijini mtu hulaumiwa na watu wanaomjua, na wanaomjua huweza pia kumrudishia imani.

KCCU ilimsimamisha Thomas Marealle, msomi aliyesoma Uingereza na kufanya kazi serikalini, na katika uchaguzi wa mwaka 1951 aliwashinda wapinzani waliotoka miongoni mwa waitori wenyewe. Alisimikwa Januari 1952. Wakati huo bei ya kahawa ilikuwa nzuri, Baraza la Wachagga lilikuwa na mapato ambayo wilaya nyingi za Tanganyika hazikuyaota, na Mangi Mkuu alisukuma mbele elimu. Uchagga ulipata bendera yake, wimbo wake, sikukuu yake ya kila tarehe 10 Novemba na gazeti lake, Komkya, lililoanza mwaka 1953. Mwaka 1957 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa jijini New York, chombo kilichosimamia nchi zilizokabidhiwa kwa mataifa mengine kama Tanganyika ilivyokabidhiwa kwa Uingereza. Haya hayakuwa mambo madogo, na mwandishi yeyote anayeeleza anguko lake bila kuyataja anamdhulumu.

Hata hivyo, mambo yale yale yaliyomjengea jina ndiyo yaliyompatia maadui. Bendera na wimbo wa Uchagga, ambavyo mwaka 1952 vilionekana kuwa ishara za watu waliojipatia heshima yao chini ya wakoloni, miaka michache baadaye, TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipokuwa ikihubiri taifa moja lisilojali kabila, vilionekana kuwa ishara za kujitenga. Upendeleo aliopewa na Gavana Edward Twining, uliomsaidia kufanikisha mipango yake, ulimfanya aonekane mtu wa serikali. Vijana waliosoma, ambao yeye mwenyewe alipigania wapate shule, walitoka shuleni wakiuliza kwa nini mtu mmoja ashike madaraka bila muda maalum katika nchi iliyokuwa ikielekea kujitawala. Swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote, na linastahili kutenganishwa na kelele zilizolizunguka, zikiwemo zile za ushindani wa zamani kati ya Machame na Marangu.

Ukali ulitoka hapo. Kiongozi mwenye kipindi cha miaka mitano hukosolewa kwa barabara, kwa shule na kwa kodi, kwa sababu anayemkosoa anajua kwamba siku ya kuhesabiwa ipo na inakaribia. Asiye na kipindi hana siku hiyo, na kila lawama juu yake, hata ikiwa ndogo, hugeuka kuwa hoja ya kumwondoa kabisa. Wapinzani wa Marealle walilazimika kwanza kuwashawishi watu kwamba cheo chenyewe kilikuwa kibaya, na ilikuwa vigumu kusema hivyo bila kumfanya aliyekikalia aonekane mbaya kuliko alivyokuwa. Wafuasi wake nao walilazimika kumtetea yeye na kiti kwa pamoja, wakamtetea hata pale ambapo ingefaa akubali kurekebishwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 upinzani huo ulipata chombo chake, Chagga Democratic Party, kilichoongozwa na Solomon Eliufoo, mwalimu kutoka Machame aliyesoma Marekani na aliyekuwa karibu na TANU. Dai lao lilikuwa rahisi kueleweka: badala ya Mangi Mkuu, Wachagga wawe na rais anayechaguliwa kwa muda maalum. Inafaa kukumbuka hali ya sheria ya wakati huo, kwa kuwa mwaka 1958 kiongozi wa TANU, Julius Nyerere mwenyewe, alishtakiwa kwa kashfa ya jinai, yaani kosa la kumvunjia mtu heshima kwa maandishi, baada ya jarida la chama, Sauti ya TANU, kuwalaumu mabwana shauri wawili, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Katika nchi ambamo maneno makali juu ya ofisa yaliweza kumpeleka mtu mahakamani, Wachagga walibishana hadharani kwa miaka kadhaa juu ya mkuu wao, na Februari 1960 wakaitwa kupiga kura ya maoni. Waliotaka rais walishinda kwa wingi mkubwa, na Eliufoo akachaguliwa kuwa Rais wa Wachagga.

Je, walimtendea haki? Kwa upande wa mtu binafsi, si kikamilifu. Alihukumiwa kwa jina la babu yake na kwa alama za heshima ambazo wengi wa waliomhukumu walizishangilia zilipoanzishwa. Kwa upande wa cheo, uamuzi wao ulikuwa sahihi, na ungekuwa mwepesi zaidi kwa pande zote kama katiba ya Mangi Mkuu ingeweka kipindi tangu mwanzo. Kosa hilo ni la waliotunga katiba, wakiwemo maofisa wa serikali ya kikoloni waliopendelea mkuu wa kudumu kwa sababu ni rahisi kufanya kazi na mtu mmoja anayejulikana.

Urais wa Wachagga haukudumu. Eliufoo aliingia katika serikali ya taifa kama waziri, mamlaka ya wilaya yakahamia katika halmashauri, na mwaka 1963 sheria ya nchi ikafuta uchifu wote, kwa hiyo lile jaribio la mkuu mwenye kipindi halikupata muda wa kupimwa kwa uchaguzi wa pili. Kipimo kilikuja kwa njia nyingine. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi, jimbo la Moshi Mjini lilikwenda kwa upinzani mwaka 1995, na kuanzia mwaka 2000 hadi 2015 lilimrudisha bungeni mbunge mmoja, Philemon Ndesamburo wa chama cha CHADEMA, kwa vipindi vitatu mfululizo. Kila baada ya miaka mitano wapiga kura wa mji huo walikuwa na nafasi kamili ya kumwondoa kimya kimya, na mara mbili walipoulizwa kama aendelee walijibu kwamba aendelee. Thomas Marealle aliishi hadi mwaka 2007, akashuhudia uchaguzi wa kwanza kati ya chaguzi hizo mbili, ule wa mwaka 2005, uliompa mtu mwingine kile ambacho katiba yake mwenyewe haikumpa, yaani kupewa kipindi kingine na watu waliokuwa huru kumnyima.