Mume asiyelia: kesi ya Wallace wa Liverpool na mabishano ambayo hayajaisha tangu 1931

Usiku wa tarehe 20 mwezi wa kwanza 1931, polisi wa mji wa Liverpool, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, waliitwa katika nyumba nambari 29 ya Wolverton Street, mtaa wa Anfield. Katika chumba cha wageni, Bibi Julia Wallace alikuwa amelala chini, amekufa, kichwa kimepondwa kwa mapigo mengi. Mume wake, William Herbert Wallace, mwenye umri wa miaka 52, alikuwa hapo hapo nyumbani. Hakupiga kelele wala kujitupa chini. Alijibu maswali kwa sauti ya kawaida, alivuta sigara, na afisa mmoja alimkuta ameketi na paka mapajani, akimpapasa.

Miezi mitatu baadaye, utulivu huo ulikuwa mmoja wa mashahidi wakubwa dhidi yake. Mbele ya mahakama, watu wazima wenye elimu walibishana siku nne: je, mume asiyelia mbele ya maiti ya mke wake ndiye muuaji? Mabishano hayo yanaendelea hadi leo, na inafaa kuyafuata hatua kwa hatua, kwa sababu yanaonyesha jinsi ilivyo rahisi mtu kupelekwa kunyongwa kwa ajili ya sura ya uso wake.

Simu ya mtu asiyejulikana

Wallace alikuwa wakala wa kampuni ya bima ya Prudential. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akikusanya michango ya wateja. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mgonjwa wa figo, mwenye kupenda vitabu na mchezo wa sataranji. Yeye na Julia walioana mwaka wa 1914 na hawakupata mtoto. Majirani waliwajua kama watu wa kimya.

Jumatatu tarehe 19, yapata saa moja na dakika 20 ya jioni, simu ililia katika mkahawa ambako klabu ya sataranji ilikuwa inakutana. Mtu aliyejiita R. M. Qualtrough alimtaka Wallace, ambaye alikuwa hajafika. Samuel Beattie, kiongozi wa klabu, alipokea ujumbe: Wallace afike kesho yake saa moja na nusu ya jioni kwenye nambari 25, Menlove Gardens East, kwa jambo la kazi yake ya bima.

Wallace alipofika klabuni alipewa ujumbe. Alisema hamjui mtu huyo wala njia hiyo, lakini aliandika anwani. Kesho yake jioni alitoka nyumbani, akapanda tramu tatu, akaanza kutafuta. Menlove Gardens North ilikuwepo, South ilikuwepo, West ilikuwepo. East haikuwepo. Aliuliza makondakta, wapita njia, polisi mmoja na duka la magazeti. Hakuna aliyeweza kumwonyesha njia hiyo.

Aliporudi, karibu saa mbili na dakika 45 ya usiku, alikutana na majirani wake, mume na mke, waliokuwa wanatoka kwao. Aliwauliza kama walisikia kitu chochote, kwa sababu mlango wa mbele na wa nyuma yote miwili ilikuwa imekataa kufunguka. Walimwambia ajaribu tena wakiwa hapo. Mara hiyo mlango wa nyuma ulifunguka. Muda mfupi baadaye aliwaita waingie kuona.

Kila tendo lilisomwa mara mbili

Polisi walimkamata Wallace tarehe 2 mwezi wa pili. Kesi ilianza tarehe 22 mwezi wa nne katika St George's Hall, mbele ya Jaji Wright. Mwendesha mashitaka alikuwa Edward Hemmerde, na wakili wa mshitakiwa alikuwa Roland Oliver. Hakuna aliyemwona Wallace akiua. Kifaa cha kuulia hakikupatikana kamwe. Kwa hiyo upande wa mashitaka ulijenga kesi juu ya mwenendo wake.

Kwanza, simu. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilipigwa kutoka kibanda cha simu kilichokuwa karibu mita 400 tu kutoka nyumba ya Wallace, katika dakika zile zile ambazo yeye alikuwa njiani kwenda klabuni. Hemmerde alisema Qualtrough ni Wallace mwenyewe. Lakini Beattie, ambaye alimjua Wallace kwa miaka mingi, alikataa kusema kwamba ile ilikuwa sauti yake. Na upande wa utetezi ulijibu: mtu aliyetaka kumtoa Wallace nyumbani angeweza vilevile kusimama karibu na kibanda hicho, amwone anatoka, kisha apige simu.

Pili, maswali ya njiani. Mashitaka yalisema: mtu anayetafuta nyumba haulizi watu wote hao. Huyu alikuwa anakusanya mashahidi, na hata polisi alimwambia saa ilivyokuwa. Utetezi ulisema: huyu ni mtu wa bima, maisha yake yote ameishi kwa kutafuta anwani na kuandika saa. Mteja mpya ni malipo. Angeacha kuuliza namna gani?

Tatu, mlango. Kwa nini ulikataa, kisha ukafunguka mbele ya majirani? Mashitaka waliona mchezo wa kuigiza. Lakini fundi wa kufuli aliyekagua nyumba alieleza kwamba kufuli zile zilikuwa mbovu, na mlango kama huo huweza kumsumbua mwenyewe.

Nne, ule utulivu. Profesa J. E. W. MacFall, daktari aliyeipima maiti, aliiambia mahakama kwamba hali ya Wallace ilimshangaza, kwamba haikuwa ya kawaida, na kwamba yeye daktari mwenyewe alionekana kuguswa kuliko mume. Hapo ndipo ushahidi wa jirani mwanamke ulipokuwa na uzito. Alisema kwamba walipokuwa peke yao, kabla polisi hawajajaza nyumba, Wallace alivunjika na kulia, si mara moja. Polisi walipokuwepo, alijikaza.

Wallace mwenyewe alikuwa msomaji wa Marcus Aurelius, mtawala wa Roma wa kale aliyefundisha kwamba mtu asitawaliwe na uchungu wake. Kwa miaka mingi alijaribu kuishi hivyo. Mbele ya wale raia wa juri, mazoezi hayo yalimgeukia.

Damu na dakika

Pembeni ya mabishano ya tabia kulikuwa na mambo mawili yanayopimika, na yote mawili yalikuwa mazito kwa mashitaka.

La kwanza ni damu. Ilirukia kuta za chumba. Juu ya nguo za Wallace haikupatikana. Chini ya maiti kulikuwa na koti lake la mvua, limelowa damu na kuungua kidogo. Mashitaka walisema labda alivua nguo zote, akavaa koti hilo, akaua, kisha akajisafisha. Lilikuwa wazo tu, maana hakuna shahidi wala alama iliyolithibitisha.

La pili ni wakati. Kijana mmoja mwenye kupeleka maziwa alimwona Julia mlangoni, mzima, baada ya saa kumi na mbili na nusu. Saa moja na dakika 6 Wallace alikuwa tayari ndani ya tramu, mbali na nyumbani. Ukitoa muda wa kwenda kwenye tramu, zilibaki dakika zisizofika 20 za kuua, kuosha damu, kuficha kifaa, kuvaa, na kutoka bila kuhema. Kulingana na saa ambayo kijana yule alipita kweli, zingeweza kuwa chache zaidi.

Kuhusu sababu ya kuua, hakuna iliyopatikana. Bima ya maisha ya Julia ilikuwa pauni 20 tu. Hakukuwa na mwanamke mwingine, wala ugomvi uliosikika. Kutoka sanduku la fedha za kampuni zilipotea karibu pauni 4.

Jaji Wright aliwaeleza watu wa juri mambo hayo kwa namna iliyoonyesha wazi kwamba ushahidi haukutosha. Walitoka kwa muda wa saa moja hivi. Waliporudi walisema ana hatia. Wallace akahukumiwa kunyongwa. Hata hapo hakulia.

Korti ya rufaa

Chama cha wafanyakazi wenzake wa bima kilikuwa kimesimama naye na kusaidia gharama za utetezi. Katika kanisa kuu la Liverpool watu waliombea majaji wa rufaa wapewe hekima, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Tarehe 18 na 19 mwezi wa tano 1931, rufaa ilisikilizwa London mbele ya jaji mkuu, Lord Hewart, na wenzake wawili. Walifuta hukumu. Walisema kwamba kesi iliyoletwa haikuthibitishwa kwa kiasi cha uhakika kinachotakiwa ili mtu ahukumiwe. Tangu sheria ya rufaa za jinai ya mwaka wa 1907, ilikuwa mara ya kwanza hukumu ya kuua kufutwa kwa sababu hiyo, yaani kwa sababu ushahidi wenyewe haukuibeba.

Majaji hawakusema kwamba Wallace ni mtu safi. Walisema tu kwamba shaka, hata ikiwa kubwa, haijawa uthibitisho. Watu wengi wa Liverpool hawakutaka kusikia tofauti hiyo. Wallace alirudi kazini, lakini wateja walimfungia milango na watu walimkwepa njiani. Kampuni ilimpa kazi ya ofisini. Akahamia Bromborough, ng'ambo ya mto Mersey, na kule akafa kwa ugonjwa wa figo tarehe 26 mwezi wa pili 1933. Alizikwa pamoja na Julia katika makaburi ya Anfield.

Baadaye wachunguzi wengine walielekeza kidole kwa kijana aliyewahi kufanya kazi pamoja na Wallace, aliyeijua nyumba na sanduku la fedha, na ambaye jina lake Wallace mwenyewe aliwapa polisi tangu siku za kwanza. Redio moja ya Liverpool ilitangaza jambo hilo mwaka wa 1981, kijana huyo akiwa tayari amefariki akiwa mzee. Kwa upande mwingine, mwandishi mashuhuri P. D. James, mwaka wa 2013, aliandika kwamba kwa maoni yake muuaji ni Wallace. Wote wanasoma karatasi zile zile za kesi.

Kinachobaki kwa msomaji

Huku Kongo, mwenye kufiwa hutazamwa na macho mengi. Mjane wa kiume asiyetoa chozi kwenye kilio husemwa kabla maiti haijaenda makaburini. Na yule anayelia sana naye husemwa: analia kwa kujificha. Wallace alilia mbele ya jirani na kujikaza mbele ya polisi, na polisi ndio walioandika ripoti.

Kifungu cha 17 cha Katiba ya Kongo ya mwaka wa 2006 kinasema kwamba mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho imthibitishe. Maneno hayo hayamkingi mwenye kuua. Muuaji wa Julia Wallace alistahili kukamatwa, na familia yake ilistahili kumjua. Lakini polisi wa Liverpool walipoamua mapema kwamba jibu lao ni mume, kazi ya kumtafuta mtu mwingine ilidhoofika. Hukumu ilipofutwa hawakuwa na mshitakiwa mwingine wa kumpeleka mbele ya jaji, na hadi leo hakuna aliyeadhibiwa kwa kifo cha mama huyo.