Nasaba ya Bwana Sakarani: Jina, Ukoo na Ardhi katika Usambara

Mtafiti wa historia ya ukoo wa mlowezi wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki huanza, kwa kawaida, na vyeti vya ubatizo, orodha za jeshi na hati za mashamba. Vyanzo hivyo ni vya lazima, lakini havitoshi. Mfano wa Tom von Prince, mkulima wa Sakarani katika milima ya Usambara, unaonyesha kwamba sehemu muhimu ya nasaba hiyo imehifadhiwa katika lugha ya Kiswahili.

Ugumu wa kwanza uko katika jina. Prince alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Morisi, kwa baba Mwingereza na mama Mjerumani, kisha akasomea Ujerumani. Neno «von» liliongezwa mwaka 1907 tu, alipoingizwa katika tabaka la makabaila. Basi anayemtafuta «von Prince» katika hati za kabla ya mwaka huo hatamwona. Mkewe, Magdalene von Massow, waliyeoana mwaka 1896, alikuwa kabaila kwa kuzaliwa. Kitabu chake cha mwaka 1903 ni chanzo kikuu cha maisha yao ya bara.

Ugumu wa pili ni kazi. Hati za Usambara zinamtaja kuwa mkulima, kwani aliacha jeshi mwaka 1900. Lakini ndiye aliyeongoza shambulio la Januari 1893 dhidi ya ngome ya Mtemi Isike huko Tabora, na ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo cha Iringa Wajerumani walipomwinda Mkwawa, hadi Mkwawa alipojiua mwezi Julai 1898. Lakabu yake, «Bwana Sakarani», ni ya vita hivyo. Sakarani ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni mlevi; hapa hufasiriwa kuwa ni ulevi wa mapigano, si wa pombe. Prince aliipenda lakabu hiyo hata akaliita shamba lake kwa jina hilo. Kile ambacho hati ya shamba inakificha, jina la shamba linakitangaza.

Ugumu wa tatu ni ardhi yenyewe. Amri ya Kaizari ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Lakini kwa Washambaa, konde lililopumzishwa halikuwa konde lisilo na mwenyewe. Kwa hiyo hati za walowezi huanza hesabu ya wamiliki kwa Mzungu wa kwanza, kana kwamba kabla yake hapakuwa na mtu.

Prince aliuawa tarehe 4 Novemba 1914 katika vita vya Tanga, akipigana na jeshi la dola ya baba yake. Baada ya vita, Waingereza walizitaifisha mali za Wajerumani. Baadaye Sakarani ikawa mali ya watawa Wabenediktini. Wenye shamba walibadilika, jina lilibaki.

Kwa msomaji wa Ituri, jambo hili si la mbali. Mashamba makubwa ya walowezi wa Kibelgiji yaligawiwa upya baada ya agizo la tarehe 30 Novemba 1973, na migogoro juu ya mashamba ya namna hiyo ilichochea vita vilivyozuka katika wilaya ya Djugu mwaka 1999. Huko pia hati huanza katikati ya hadithi. Nasaba ya mlowezi haikamiliki, basi, mpaka iandikwe pamoja na nasaba ya waliolima konde lile kabla yake. Na hao hawamo katika vyeti vya ubatizo, bali katika majina ya vilima, ya mito na ya makonde, ambayo wazee wanayajua na wanafunzi wanaweza kuyakusanya.