Kituo cha Twiga, Lang'ata: Historia Fupi

Kabla ya Kituo kulikuwa na jumba la mawe. Sir David Duncan alilijenga mwaka wa 1932 kwa mtindo wa kwao Scotland, likatazama msitu wa Lang'ata na Milima ya Ngong kwa mbali. Mwaka wa 1974 likanunuliwa na Jock Leslie-Melville, raia wa Kenya mwenye asili ya Uingereza, na mkewe Betty, mzaliwa wa Baltimore, Marekani. Waliingia wakakuta wenyeji: madume watatu wa twiga waliojipitia uwanjani watakavyo. Wakawaita Tom, Dick na Harry, na mapenzi yao kwa twiga yakakolea hapo.

Miaka hiyohiyo huko Soy, karibu na Eldoret, ranchi ya ekari 18,000 ilikuwa inakatwa vipande ili wasio na ardhi wapate pa kulima. Ilikuwa haki yao, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini ranchi hiyo ndiyo iliyowahifadhi twiga wa Rothschild waliosalia Kenya, wapatao 130. Twiga huyu hutambulika kwa miguu: mabaka yake huishia gotini, na kuanzia hapo kwenda chini ni weupe mtupu. Ua la mkulima halimzuii, na mahindi machanga kwake ni majani kama majani mengine. Kila aliyeitazama Soy alijua mambo yanaelekea wapi.

Jock na Betty wakaamua kumlea mmoja nyumbani kwao. Ndiye Daisy, na hapa naomba msomaji anivumilie nikikawia kidogo, kwa sababu bila Daisy kusingekuwa na Kituo. Ndama wa twiga huzaliwa baada ya mimba ya miezi kama 15, naye siku ileile anamzidi urefu mtu mzima. Kumtoa nyikani, kumsafirisha kutoka Soy hadi Nairobi, kisha kumzoesha maziwa ya chupa na sauti za watu, ilikuwa kazi ambayo wengi wangeikataa. Daisy akapona, akanenepa, akamfuata Betty kila aendako. Baadaye akaletwa ndama mwingine, Marlon, ili Daisy asikae mpweke. Betty aliandika kitabu juu ya malezi hayo, kikatoka mwaka wa 1977, na mwaka wa 1979 Wamarekani wakatengeneza filamu. Watu ambao hawajawahi kuiona Kenya wakaanza kutuma michango.

Mwaka huohuo wa 1979 Jock na Betty wakaunda shirika la kuhifadhi wanyama walio hatarini, AFEW, na kwa fedha za michango hiyo makundi ya twiga wa Soy yakahamishiwa mahali salama, Nakuru ikiwemo. Mwaka wa 1983 Kituo kikafungua milango.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa husahaulika: Kituo hakikufunguliwa kwa ajili ya watalii peke yao. Nia tangu mwanzo ilikuwa mtoto wa Kenya. Wakati ule mtoto wa mitaa ya Nairobi kama Kabiria, Riruta au Kawangware aliweza kumaliza shule bila kumwona twiga ila kwenye picha ya kitabu, huku mgeni aliyeshuka ndege jana akimwona leo. Kituo kikageuza mambo: ada ya mgeni ikawa inalipia somo la mwanafunzi.

Tumeshuhudia matunda yake. Jukwaa la mbao la mviringo limeinuliwa hadi mtoto anatazamana na twiga macho kwa macho. Mtoto hupewa punje za chakula kiganjani, na hapo ndipo wale wakali wa darasani hujificha nyuma ya mwalimu. Ulimi unashuka, mweusi wa zambarau, karibu nusu mita, unakwaruza kama msasa. Baada ya kicheko ndipo somo huingia: kwamba shingo ile yote ina mifupa saba tu, sawa na yetu.

Jock alifariki mwaka wa 1984, Kituo kikiwa bado kichanga. Ulikuwa wakati mgumu, lakini wafanyakazi na marafiki walishikamana, na Betty akaendelea kuitangaza kazi hii hadi alipofariki mwaka wa 2005.

Ya miaka ya karibuni yanajulikana. Ndama waliozaliwa Lang'ata wamekuwa wakipelekwa kwenye hifadhi. Kuna mashindano ya mazingira ya shule. Lile jumba la mawe sasa ni hoteli. Wanasayansi sasa wanamhesabu Rothschild pamoja na twiga wa Nubia. Mwaka wa 2020 korona ilifunga milango, tukafunga mkanda, na twiga wakaendelea kula.

Familia zinazotoka upande wetu wa Kabiria zisiishie jukwaani. Ng'ambo ya barabara kuna njia ya miguu inayoteremka hadi Mto Gogo, fupi kiasi cha mtoto wa chekechea kuimaliza, na ndege wengi asubuhi. Mwonyesheni mukinduri na muthiga, miti ya asili ya ukanda huu ambayo kwetu imebaki michache. Ngiri wanaorandaranda chini ya twiga msiwashike. Kwa matatu, kutoka mjini pandeni namba 24, mshukie Hardy. Vaeni viatu vilivyofungwa, maana mvua ikinyesha udongo wa Lang'ata hunata.