KUCCPS au fomu ya chuo chenyewe: kijana aombe wapi?

Matokeo ya KCSE yakitoka, kijana ana njia mbili za kuomba chuo. Ya kwanza ni ombi moja la pamoja kupitia KUCCPS, shirika lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua nafasi ya JAB. Ya pili ni fomu ya chuo chenyewe.

Chukua mfano wa Mosocho, Kisii, ilipo Shule ya Upili ya Cardinal Otunga. Chuo Kikuu cha Kisii kiko kilomita chache tu. Mzazi wa pale husema: chuo ki jirani, kwa nini mtoto aombe KUCCPS halafu atupwe Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani? Mzazi wa Kilifi naye huogopa mwanawe kupelekwa Kisii. Nauli na kodi ya chumba si mchezo.

Lakini hesabu kubwa iko kwenye karo. Katika mpango wa ufadhili ulioanza 2023, ruzuku ya serikali huenda kwa waliopangwa na KUCCPS katika vyuo vikuu vya umma. Aliyeingia kwa fomu ya chuo huhesabiwa kuwa anajilipia, hata wakikaa dawati moja.

Kwetu Waislamu kuna jambo jingine. Ruzuku hairudishwi, lakini mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa shahada una riba ya asilimia 4. Mwenye kujilipia hana ruzuku. Akikwama, kimbilio lake huwa mkopo. Basi familia inayokwepa riba ndiyo yenye sababu zaidi ya kuanza na KUCCPS.

Umbali nao una dawa. Kijana hujaza machaguo kadhaa, kwa hiyo aweke mbele vyuo vya karibu ambavyo pointi zake zinafikia. Akipangwa mbali, anaweza kuomba uhamisho kupitia KUCCPS, mradi nafasi ipo na pointi zinatosha.

Fomu ya chuo ina watu wake: mfanyakazi anayetaka masomo ya jioni, mwalimu anayesoma wakati wa likizo, na mwenye diploma anayeendelea na shahada. Ila aliyemaliza shule na kupata chini ya C+ asidhani fomu hiyo itamvusha moja kwa moja hadi shahada. Kwa C- anaweza kuomba diploma, tena kupitia KUCCPS hiyohiyo.

Kabla ya kulipa popote, fanyeni haya:

- Hakikisheni kozi ya shahada imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Chuo cha ufundi kiwe kimesajiliwa na TVETA.
- Barua ya kuitwa chuoni ambayo hamkuiomba, ichunguzeni kwanza.
- Kijana aingie mwenyewe kwenye tovuti ya KUCCPS. Asimwachie mwenye duka la intaneti nenosiri lake wala uamuzi wa kozi.

Dirisha la KUCCPS lina siku zake na hufungwa. Fomu ya chuo mara nyingi husubiri hadi muhula ujao. Anzeni na lile lisilosubiri.