Bustani ya Dave Shea

Mwezi wa Oktoba 1994 Håkon Wium Lie alipendekeza CSS, lugha ya mitindo itakayotenga sura ya ukurasa wa tovuti na maana ya maneno yake. Walakini kwa miaka kadhaa mafundi walio wengi hawakuitegemea, kwa sababu watengenezaji wa vivinjari Netscape na Microsoft, katika kushindana kwao, kila mmoja alifuata kanuni ghairi ya za mwenziwe, hata fundi akalazimika kuupanga ukurasa mzima ndani ya majedwali, ambayo asili yake ni ya hesabu na takwimu.

Mwaka 1998 likaundwa kundi la Web Standards Project kuwahimiza wakubwa hao wafuate kanuni moja: kazi ya haki, ila kuhimiza si kufundisha.

Mafunzo yenyewe yalipata nguvu mwaka 2003, Dave Shea wa Kanada alipofungua tovuti ya CSS Zen Garden, akaweka ukurasa mmoja wa HTML usioruhusiwa kuguswa, akawaalika wasanii waugeuze sura kwa faili la mitindo na picha tu. Mwanafunzi aliyeona maandishi yale yale yakivaa sura hii na ile hakuhitaji hoja nyingine. Alifungua faili la msanii, akalisoma mstari kwa mstari, akanakili, akaharibu, akaanza upya, na kwa rai yangu darasa hilo lisilo na mwalimu lilishinda vitabu vingi vya zama zile. Dosari haikukosekana: aghalabu vichwa vya habari vilifichwa nyuma ya picha, na kwa baadhi ya mbinu hizo programu za kuwasomea vipofu ziliyaruka maneno hayo, ikabidi mbinu nyingine zitafutwe.