Bendera ya Zanzibar: Rangi tatu na bendera nyingine kwenye kona

Ukipita mbele ya ofisi za Serikali ya Mapinduzi mjini Unguja utaona bendera mbili. Moja ni ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Nyingine ni ya Zanzibar: buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na kwenye kona ya juu upande wa mlingoti imewekwa bendera ya Muungano kwa udogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2004, na Januari 2005 bendera ikapandishwa. Zanzibar ilikuwa imekaa miaka 40 bila bendera yake rasmi.

Kabla ya Mapinduzi, bendera iliyojulikana Unguja na Pemba ilikuwa nyekundu tupu, bila alama wala maandishi. Ilikuwa bendera ya Mabusaidi, waliotoka Oman. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walilipiga mizinga jumba la Sultani Khalid bin Barghash pale Forodhani. Vita hivyo havikufika hata saa moja, na inasimuliwa kuwa mizinga ilinyamaza baada ya bendera ya jumbani kuanguka.

Wekundu huo haukuishia visiwani. Mombasa nayo ilikuwa ndani ya ukanda wa maili kumi wa Mwambao, ambao Waingereza waliutawala kuanzia 1895 kwa makubaliano na Sultani, wakimlipa kila mwaka. Kwa hiyo bendera ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus ilhali wenye amri walikuwa wengine. Oktoba 1963 Sultani alikubali kuuachia ukanda huo kwa Kenya, iliyokuwa ikikaribia uhuru wake.

Karafuu za mwezi mmoja

Zanzibar yenyewe ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza tarehe 10 Disemba 1963. Bendera mpya iliacha uwanja uleule mwekundu, lakini katikati ikatiwa duara la kijani lenye karafuu mbili za rangi ya manjano. Kwa kweli lilikuwa wazo zuri, maana hakuna kitu kilichoilisha Zanzibar kama zao hilo. Ila katika mashamba ya mikarafuu ndimo ulimokuwa pia ugomvi wa nani mwenye shamba na nani mchumaji. Tarehe 12 Januari 1964, siku 33 baadaye, Mapinduzi yaliiondoa bendera hiyo pamoja na Sultani Jamshid.

Wiki za mwanzo za Mapinduzi ilitumika bendera ya nyeusi, manjano na buluu. Kabla Januari haijamalizika ikaja ya buluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Hizo ndizo zilizorudi mwaka 2005. Rangi za chama kuwa za nchi si jambo la Zanzibar peke yake, kwani bendera ya Tanganyika nayo ilitokana na kijani na nyeusi za TANU, ikaongezwa mistari ya manjano.

Nchi hizo mbili zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, bendera zao nazo zikaunganishwa. Buluu ilichukuliwa kutoka Zanzibar, na mistari ya manjano kutoka Tanganyika. Kijani na nyeusi zilikuwa za pande zote mbili. Mistari ikawekwa mshazari, kwa hiyo hakuna upande uliolala juu ya mwingine. Maelezo ya rasmi ni haya: kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, buluu ni maji, na manjano ni madini. Karafuu hazikupotea. Itazame nembo ya taifa: miguuni pa mwanamume pana karafuu, na miguuni pa mwanamke pana pamba.

Nchi au si nchi?

Kuwa na bendera ya sehemu ndani ya dola si ajabu. Wareno, waliokaa Unguja kabla ya Waomani, wana sheria ya mwaka 1991 inayoruhusu hata kata ndogo ya shamba kuwa na nembo na bendera yake. Taji lililo juu ya ngao huonyesha daraja la mahali: minara mitatu kwa kijiji, minne kwa mji mdogo, mitano kwa mji mkubwa. Hapo hakuna anayeuliza kama kijiji kinataka kujitenga.

Zanzibar swali hilo huulizwa, kwa sababu kabla ya kuungana ilikuwa dola yenye kiti Umoja wa Mataifa. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kuwa Zanzibar si nchi, na mjadala ukawaka visiwani. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ilirekebishwa na kuandikwa wazi kuwa Zanzibar ni nchi. Waliosoma bendera ya 2005 kwa makini hawakushangaa. Lakini bendera hiyohiyo ina ya Muungano kwenye kona, na hilo nalo ni jibu.

Mpirani ndipo mipaka ya bendera hii inapoonekana waziwazi. Kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA, Zanzibar Heroes hucheza chini ya bendera yao, na walilitwaa kombe mwaka 1995. Machi 2017 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili. Julai mwaka huohuo likaifuta, kwa hoja kwamba si nchi huru. Agosti 2025 uwanja wa New Amaan Complex ulipokea mechi za CHAN za Senegal, Sudan, Congo na Nigeria. Mzanzibari aliyetaka kucheza mashindano hayo ilibidi aitwe Taifa Stars.