Nyanjiru Hana Barabara

Kwenye hadithi za kubuni, mwanamke anayelipiza kisasi hufa akawa mungu. Wetu alifia hapa tao. Machi 16, 1922, umati ulikuwa nje ya kituo cha polisi ukidai Harry Thuku aachiliwe. Wanaume walipoanza kuondoka, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake, akawaambia waivae, wampe suruali zao. Kwa Wakikuyu hiyo ni laana nzito. Risasi zikalia, naye akawa kati ya wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21.

Thuku alirudi kutoka uhamishoni, baadaye akawapinga Mau Mau. Barabara ikapewa jina lake. Nyanjiru alibaki kwenye wimbo wa wanawake. Nikitoka Kangemi nikapita hapo, yeye ndiye ninayemtaja.